Kujiona: Dharau ya Tabaka na Ladha

Kujiona ni tabia ya mtu kumweka mwenzake chini kwa sababu ya nguo anayovaa, lugha anayosema, chakula anachokula, kazi ya mikono yake au kijiji alikotoka. Kiswahili kimelieleza jambo hili kwa kitenzi kinachomrudia mtendaji wake: anajiona. Hakiongezi anajiona nini. Mtu ametazama, na mwisho wa kutazama kwake amekuta nafsi yake tu. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo husemwa pia kwamba fulani anajisikia, na Kilingala kina neno lolendo. Maneno haya ni majirani wa maringo na kiburi, lakini kila moja lina mpaka wake. Maringo hukaa katika mwendo na mavazi, na huweza kuwa mchezo tu. Kiburi huweza kukaa moyoni bila kumgusa mtu. Kujiona hakuwezi kukaa peke yake, kwa kuwa kunahitaji mtu wa kutazamwa kutoka juu.

Swali la kifalsafa lililomo ndani yake ni hili. Vitu havilingani: kuna kitambaa kilicho imara na kingine kinachochuja rangi, kuna sentensi iliyonyooka na nyingine iliyopinda. Ikiwa kitu kimoja kweli ni bora kuliko kingine, je, aliye na kile bora ni bora kuliko asiye nacho? Anayejiona hujibu ndiyo bila kujua kwamba ameulizwa.

Vipimo vingi katika soko moja

Ariwara ni mji wa biashara katika wilaya ya Aru, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Ituri, karibu na mipaka ya Uganda na Sudan Kusini. Bidhaa nyingi huingia kupitia Arua, upande wa Uganda, na sokoni faranga ya Kongo, shilingi ya Uganda na dola hupita mikononi mwa watu walewale. Kilugbara na Kikakwa husikika pamoja na Kibangala, ambacho ni Kilingala cha kaskazini-mashariki, na Kiswahili kinachotoka upande wa Bunia, makao makuu ya jimbo. Kifaransa hukaa shuleni na ofisini. Mji wa namna hii hufaa kwa kuchunguza kujiona, kwa sababu watu wenye vipimo tofauti hukutana mbele ya meza moja.

Mfano wa kwanza ni kitenge. Mnunuzi anayejua kazi yake haanzi na ua la katikati. Hushika pindo, akaligeuza, akasoma maandishi yaliyochapwa ukingoni, kisha akatazama upande wa ndani kuona kama rangi imepenya. Wax ya Vlisco, kampuni iliyoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, huuzwa kwa bei ya juu mara kadhaa kuliko Hitarget ya China, hata pale mchoro unapofanana kabisa. Tofauti ya kazi ipo: rangi ya moja huvumilia sabuni na jua kuliko ya nyingine. Hadi hapo ni ujuzi wa kitambaa. Lakini pindo hilohilo husomwa tena Jumapili, au kwenye arusi, likiwa kiunoni mwa mwanamke mwingine, na safari hii kinachopimwa si rangi tena. Kinachopimwa ni yeye, mumewe na nyumba yao. Na jina la wax halisi lenyewe lina historia ya kuchekesha: Waholanzi walianza kukitengeneza kitambaa hicho kwa mashine katika karne ya 19 ili kuiga batiki ya Java. Uigaji wa jana ndio uhalisi wa leo.

Mfano wa pili ni kwete, pombe ya nafaka inayojulikana pande zote mbili za mpaka. Unga wa mahindi huchachushwa, hukaangwa mpaka ubadilike rangi, kisha huchanganywa na kimea cha ulezi au mtama na kuachwa uumuke. Ni kazi ya siku kadhaa, na mpishi akikosea moto au kimea, pipa zima huharibika. Hata hivyo mtu anayekunywa bia ya chupa huweza kumtazama mnywaji wa kwete kama mtu aliyebaki nyuma, ingawa yeye mwenyewe hajui bia yake ilivyopikwa. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Anayejiona huona kinachoelea tu.

Mfano wa tatu ni lugha. Katiba ya mwaka 2006 imekifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Karatasini lugha za taifa hazina ngazi, lakini midomoni ngazi ipo. Mtu wa Kinshasa hukicheka Kibangala cha Ariwara kwamba ni Kilingala kilichovunjika. Mtu wa pwani humcheka msemaji wa Bunia anayesema mutu na batu. Msemaji wa Bunia naye huweza kumcheka mkulima wa kijijini ambaye Kiswahili hakimtoki vizuri, na mwenye Kifaransa akawacheka wote, mpaka atakapofika Ufaransa akachekwa kwa lafudhi yake. Mwandishi Frantz Fanon alilieleza jambo hilo la mwisho katika kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya watu weusi wa visiwa vya Antili. Katika mnyororo huu ni shida kumpata mtu ambaye anacheka tu bila kuchekwa.

Mizizi iliyotangulia ukoloni

Ni rahisi kudhani kwamba dharau ya namna hii ililetwa na Wazungu. Ushahidi wa eneo lenyewe unaonyesha kuwa mizizi ni ya zamani zaidi. John Middleton, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeishi kwa Walugbara wa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza jinsi walivyouchora ulimwengu wao. Katikati walikuwa jamaa na majirani, watu wa kawaida. Mbele kidogo walikuwa watu wenye uchawi wa kutisha. Mbali kabisa walikuwa viumbe waliopinduka, wanaotembea kwa vichwa na kula nyama iliyooza, na Wazungu wa kwanza waliwekwa katika kundi hilo. Jambo la kufikirisha ni kwamba kila jamii ndogo ya Walugbara ilikuwa na mchoro wake, nayo ikiwa katikati. Aliyekuwa kiumbe cha kupinduka katika mchoro mmoja alikuwa mtu wa kawaida katika mchoro wake mwenyewe. Kwa hiyo ukingo wa dunia haukuwa mahali. Ulikuwa umbali wa macho ya anayetazama.

Pwani ya Uswahilini ilikuwa na mchoro wake pia. Katikati walikuwa waungwana, watu huru wa mjini, wenye dini, nyumba za mawe na adabu ya maneno. Nje walikuwa washenzi, watu wa bara. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na watumwa iliyabeba maneno haya hadi Manyema na mto Kongo. Wafuasi wa mfanyabiashara Tippu Tip waliovaa kanzu na kusema Kiswahili walijiita waungwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana, jina lililodumu vitabuni kwa muda mrefu. Wengi wao walikuwa watu waliotekwa katika nchi hizohizo. Mtu aliyetolewa kijijini kwa nguvu alirudi akiwa mngwana, akawaita ndugu zake washenzi. Aliyedharauliwa alikuwa amejifunza neno moja la kumkinga, na kinga yenyewe ilikuwa kumtupia mwingine.

Neno hilo, washenzi, liliendelea na safari. Katika Kilingala likawa basenji, na wakati wa Wabelgiji watu wa mjini walilitumia kuwataja watu wa vijijini. Mbwa wadogo wa kuwinda wa misitu ya Kongo, wenye masikio yaliyosimama na wasiobweka kama mbwa wengine, wakaitwa mbwa wa basenji. Mwaka 1937 baadhi yao walionyeshwa Uingereza katika maonyesho makubwa ya mbwa, na watu wakasongamana kuwatazama. Leo basenji ni jina la mbwa wa nasaba, mwenye hati ya kuzaliwa na bei ya juu, na wamiliki wake hujivunia ukoo wake safi. Tusi la Kiswahili kwa mtu asiye na nasaba limekuwa cheti cha nasaba kwa mbwa. Mbwa hakubadilika. Kilichobadilika ni watazamaji.

Dharau iliyopewa mhuri

Utawala wa Ubelgiji ulifanya jambo moja ambalo waungwana hawakulifanya: uliiandikia dharau kanuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili lilikuwapo tabaka la makarani, walimu na wauguzi Waafrika walioitwa évolués, yaani watu waliokwisha kuendelea. Jina lenyewe lilimaanisha kwamba wengine wote walikuwa bado. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa ya uraia, na amri ya mwaka 1952 ikaongeza hatua ya juu zaidi, immatriculation, iliyompa mwenye nayo baadhi ya haki za kisheria za Mzungu.

Ili kuipata, mwombaji alihojiwa na kamati na nyumba yake ikakaguliwa. Wakaguzi walitazama kama watoto wana vitanda vyao, kama familia inakula kwa uma na kisu, kama mume na mke wanaketi meza moja, kama choo ni kisafi. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, alikataliwa mara ya kwanza na kukubaliwa mwaka 1954. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 10, waliopata hadhi hiyo walikuwa mia chache tu. Hata hao hawakulipwa sawa na Mzungu wa kazi ileile.

Utaratibu huu unafundisha mambo mawili. Kwanza, mwenye kushika kipimo ndiye mwenye kuketi juu, na hufanya hivyo kwa kuhakikisha kwamba wanaofaulu ni wachache. Pili, aliyefaulu hupoteza pande zote mbili. Mzungu hakumwalika mezani kwake, na nyumbani aliitwa mundele ndombe, Mzungu mweusi. Jina hilo ni dharau inayotoka chini kwenda juu, nayo haina unyofu zaidi kwa kuwa inatoka chini. Kumcheka mtu kwa sababu anasoma, anakula kwa uma au anasema Kifaransa ni kumpima kwa kitu alicho nacho, sawa na kumcheka kwa sababu hana.

Rais Mobutu alipotangaza sera ya uhalisi mwanzoni mwa miaka ya 1970, suti na tai viliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na abacost, koti lisilo na tai. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuivunja ngazi ya mkoloni. Lakini haukupita muda abacost iliyoshonwa vizuri ng'ambo ikawa alama ya mkubwa, na mtu akatambuliwa cheo kwa kitambaa cha koti lake. Ngazi ilipakwa rangi nyingine tu.

Ladha inafundishika

Baadhi ya watu, wakiona madhara haya, husema kwamba hakuna ladha iliyo bora na kila mtu ana chake. Jibu hilo linavutia lakini halisimami. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757, alikumbusha kisa cha watu wawili walioonja mvinyo wa pipa moja. Mmoja alisikia ladha ya chuma, wa pili ladha ya ngozi, na wasikilizaji wakawacheka wote wawili. Pipa lilipoisha, chini yake ulionekana ufunguo uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Kwa Hume, mwonjaji hodari yupo, na anatambulikana kwa mazoezi, kwa kulinganisha vitu vingi na kwa kuacha upendeleo. Mpishi wa kwete anayenusa pipa na kujua kimea kilichelewa ni mwonjaji wa namna hiyo, sawasawa na mshonaji anayejua wax kwa kidole.

Wengine walitazama upande wa pili. Thorstein Veblen, mwanauchumi wa Marekani, alionyesha mwaka 1899 kwamba vitu vingi hununuliwa ili bei yake ionekane. Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alieleza mwaka 1979 kwamba ladha hufunzwa nyumbani na shuleni, kisha mwenye nayo akasahau kwamba alifunzwa na kuihesabu kuwa kipaji cha kuzaliwa.

Hoja hizi hazipingani. Hume anasema ubora wa kitu upo na unajulikana kwa kujifunza. Bourdieu anasema nafasi ya kujifunza haigawanywi sawa. Zikiwekwa pamoja, hukumu inakuwa nyepesi: ujuzi wa kitu unaonyesha alichofunzwa mtu na alikopitia, hauonyeshi thamani yake. Binti aliyekulia dukani kwa mama yake anajua pindo. Binti aliyekulia shambani anajua mbegu ipi itaoza ardhini na ipi itaota. Wakikutana sokoni, kila mmoja ni mjinga mbele ya mwenzake kwa jambo moja na mwalimu wake kwa jambo lingine.

Hukumu ya dini

Ariwara ni mji wa Wakatoliki, Waanglikana, Wakristo wa CECA 20 na wa makanisa mengine, pamoja na Waislamu, na mapokeo ya pande zote yamelizungumza jambo hili kwa mifano ya wazi. Waraka wa Yakobo, katika sura ya 2, unachora mkutano unaoingiwa na watu wawili: mmoja ana pete ya dhahabu na nguo za kung'aa, mwingine ni maskini mwenye nguo chafu. Wa kwanza anapewa kiti kizuri, wa pili anaambiwa asimame au aketi chini. Yakobo anawaita waliofanya hivyo waamuzi wabaya. Paulo, katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anakaripia karamu ambayo wenye vitu walikula na kulewa huku wasio navyo wakibaki na njaa, na analihesabu tendo hilo kuwa kulidharau kanisa la Mungu. Katika visa vyote viwili kosa halikutokea mtaani. Lilitokea ndani ya ibada, mahali ambapo watu walidhani wameshaacha ngazi zao mlangoni.

Katika Kurani, Sura ya 80, Abasa, inahusu kipofu, Ibn Ummi Maktum, aliyekuja kuuliza juu ya dini wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Makureshi. Mtume alikunja uso, na aya zikashuka kumlaumu. Sura ya 49 inakataza watu kuwadhihaki watu wengine, kwani huenda wanaodhihakiwa ni bora kuliko wanaodhihaki. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inakwenda kwenye kiini cha mada. Mtume alipoonya juu ya kiburi, mtu mmoja aliuliza vipi kuhusu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri. Jibu lilikuwa kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hapo uzuri umeachwa huru na dharau imehukumiwa.

Historia ya pwani ina mtu aliyeifanyia kazi hukumu hiyo. Habib Saleh, sharifu aliyezaliwa Komoro, alihamia Lamu katika karne ya 19. Mji huo uligawanyika kati ya Mkomani, upande wa waungwana wa nyumba za mawe, na Langoni, upande wa wageni na watu wa kawaida. Habib Saleh alikaa Langoni, akawafundisha elimu ya dini watumwa na watoto wao, jambo lililowaudhi wakubwa, na Maulidi yake yakawa na matari. Msikiti wake wa Riyadha, uliojengwa karibu na mwanzo wa karne ya 20, baadaye ukawa kitovu cha Maulidi yanayowavuta watu wa Afrika Mashariki yote.

Madhara

Kujiona humdhuru anayedharauliwa, na hilo halihitaji hoja ndefu. Humdhuru pia anayedharau, kwa kuwa humfungia elimu. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliandika mwaka 1961 juu ya Wambuti, wawindaji wa msitu wa Ituri upande wa Epulu, na wanakijiji waliojihesabu kuwa mabwana zao. Wanakijiji waliwaona Wambuti kuwa watu wa chini, nao waliuogopa msitu. Wambuti wakirudi msituni waliwaigiza na kuwacheka. Mwenye kudharau alikosa kujua msitu, na pia alikosa kujua kwamba anachekwa.

Dharau ikikaa muda mrefu huwa kuni. Vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 vilikuwa na sababu nyingi: ardhi, dhahabu, silaha na majeshi ya kigeni. Lakini vilikuta uwanja umeandaliwa na utawala wa kikoloni uliowahesabu watu wa kabila la Wahema kuwa wenye akili ya kutawala na wale wa Walendu kuwa wakaidi, ukagawa shule na vyeo kwa kipimo hicho. Maelfu ya watu waliuawa. Wachache kati yao waliwahi kukiona kitabu cha hesabu hiyo.

Kwa hiyo kinachotakiwa si kuacha kupima vitu. Kitambaa kibovu kiitwe kibovu, na kwete iliyoharibika imwagwe. Kinachotakiwa ni kusimama pale kipimo kinapoishia: kisitoke kwenye pindo kikapanda kwa mvaaji. Lugha iliyosambaza neno mshenzi hadi Kongo ndiyo iliyokuwa na jibu tangu zamani, katika methali isiyotaja nguo, ukoo wala lafudhi. Mwungwana ni kitendo.